Moshi Uliokuwa Wadudu

Mwaka 1861 David Livingstone alikuwa akipita kwa mashua kando ya ufuko wa magharibi wa Ziwa Nyasa alipoona, kwa mbali, kitu kilichofanana na moshi wa nyasi zinazoungua maili nyingi. Moshi huo ulikuwa juu ya maji, ukiinama kufuata upepo. Mashua ilipopita ndani ya wingu mojawapo, abiria waligundua kwamba halikuwa moshi wala ukungu. Lilikuwa kundi la wadudu wadogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Katika kitabu kilichochapwa mwaka 1865 Livingstone aliandika jina walilopewa na wenyeji, kungu, akaeleza kwamba maana yake ni wingu au ukungu.

Wenyeji walijua vizuri kwamba kungu ni wadudu. Waliwakamata, wakawakanda kuwa mikate, wakala. Hata hivyo waliwapa jina la ukungu, na hawakukosea. Mvuvi anayetaka kujua wingu litaelekea wapi hana haja ya kumfuatilia mdudu mmoja mmoja. Anatazama upepo, anatazama umbo la wingu, anageuza mtumbwi. Anayetaka kuwala, kinyume chake, hawezi kula ukungu. Yeye anahitaji wadudu wenyewe, ndani ya kikapu.

Makala hii inahusu kundi jingine lililo juu ya ziwa hilohilo, kubwa kuliko kungu wote waliowahi kuruka na lisiloonekana kwa macho. Inahusu pia watu waliohangaika kwa miaka themanini kuamua lini walitazame kama ukungu na lini walitazame kama wadudu. Uamuzi huo una historia, na historia hiyo inapita juu ya vichwa vyetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

*

Kuanzia kilomita 80 hivi juu ya ardhi na kuendelea mamia ya kilomita, mwanga mkali wa Jua huzipiga atomu za hewa nyembamba na kuzing'oa elektroni. Kinachobaki ni mchanganyiko wa elektroni zilizo huru na ioni, yaani atomu zilizopungukiwa elektroni. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa plazima, na tabaka hilo la anga huitwa ionosfia. Mchana, katika sehemu yake nzito zaidi, mita moja ya ujazo inaweza kuwa na elektroni trilioni moja. Hewa tunayovuta ni nzito kuliko hiyo kwa mbali sana, lakini hewa tunayovuta haitii sumaku. Plazima inatii.

Watu wa Mbinga na wa ufuko wa ziwa, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli, wameishi na ionosfia bila kuitwa wanafizikia. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbamba Bay ni takriban kilomita 700 kwa mstari ulionyooka, na kati yake kuna milima. Wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam, masafa mafupi yalifika huko kwa sababu yalipanda, yakakutana na plazima, yakarudishwa chini. Redio iliyosikika vizuri saa fulani na kukoroma saa nyingine ilikuwa, kwa namna yake, kipimo cha plazima.

Plazima ya kwetu ina tabia ambayo ya Ulaya haina. Mstari ambapo uga wa sumaku wa Dunia umelala sambamba na ardhi, yaani ikweta ya sumaku, haufuati ikweta ya ramani. Katika Afrika Mashariki unapita kaskazini, Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana uga wa umeme hunyanyua plazima iliyo juu ya mstari huo, kisha plazima hiyo huteremka pande zote mbili ikifuata njia za sumaku, kama maji ya chemchemi yanayoruka na kumwagika kushoto na kulia. Matokeo yake ni matuta mawili ya plazima, moja kaskazini na jingine kusini, kila moja umbali wa digrii 15 hivi kutoka ikweta ya sumaku. Edward Appleton, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, aliyaeleza mwaka 1946. Tuta la kusini huangukia Tanzania. Kitura, katika vilima vya Mbinga, ipo takriban digrii 20 kusini mwa ikweta ya sumaku, na miaka ambayo Jua lina harakati nyingi tuta husogea upande huo.

Kwa hiyo mtu anayepalilia kahawa Kitura saa nane mchana ana juu yake plazima ambayo sehemu yake ilinyanyuliwa juu ya Ethiopia. Swali la kihistoria ni hili: kitu kama hicho kinahesabiwaje?

*

Kulikuwa na njia mbili, na kila moja ilikuwa na wakubwa wake.

Njia ya kwanza huitazama plazima kama kitu kinachotiririka. Huulizi elektroni ipi iko wapi. Unauliza, katika eneo hili, msongamano ni kiasi gani, kasi ya wastani ni ipi, joto ni kiasi gani. Mwaka 1942 Hannes Alfvén wa Sweden alionyesha kwamba ukiichukua plazima kama mkondo unaopitisha umeme, unaweza kutabiri aina ya mawimbi ambayo hakuna aliyekuwa ameyafikiria. Alipata Nobel mwaka 1970. Njia hii ni rahisi kwa gharama na ina upeo mpana, lakini imejengwa juu ya wastani, na wastani una tabia ya kufuta watu.

Njia ya pili huhesabu chembe. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Oscar Buneman, aliyezaliwa Milan mwaka 1913 kwa wazazi Wajerumani, akasoma Hamburg, akaukimbia utawala wa Hitler, akafika Manchester. Huko, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alifanya kazi na Douglas Hartree kuelewa chombo kinachoitwa magnetroni, ambacho ndicho kilikuwa moyo wa rada. Ndani yake elektroni huzunguka katika uga wa sumaku, na kila elektroni husukumwa na umeme unaotokana na elektroni nyingine zote. Walizifuata njia za elektroni hatua kwa hatua kwa mashine za kuhesabia za mkono: sogeza kidogo, hesabu upya nguvu, sogeza tena. Kimsingi, hadi leo kazi hiyo ni ileile.

Kompyuta zilipokuja, Buneman mwaka 1959 na John Dawson mwaka 1962 walichapisha mahesabu ya plazima nzima iliyoundwa na chembe mia chache hadi elfu moja hivi, zikitembea katika mstari mmoja. Kwa wakati huohuo, Los Alamos nchini Marekani, Francis Harlow alikuwa ameanzisha mtindo wa kugawa nafasi katika vyumba vidogo na kuacha chembe zipite humo. Badala ya kila chembe kuuliza habari za kila chembe nyingine, kila moja humwaga mchango wake katika chumba ilimo, na chumba huijibu kwa kuipa nguvu inayoisukuma.

Msomaji wa Mbinga ana picha ya jambo hili mlimani. Wamatengo hulima ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa katika miraba, udongo hufukuliwa katikati na kuzifunika nyasi, na mteremko mzima hugeuka kuwa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, kila shimo na kingo zake. Mvua inapopiga, hakuna anayehesabu matone. Kila shimo hupokea yake, na kingo ndizo zinazoamua maji yatuame wapi na udongo ubaki wapi. Kompyuta ya Harlow ilikuwa mteremko wa ngoro uliotengenezwa kwa namba.

Ila kulikuwa na tatizo la gharama ambalo hakuna aliyeweza kulikwepa. Elektroni ni nyepesi mno. Protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836, na ioni ya oksijeni, iliyo nyingi katika ionosfia ya juu, ina uzito wa elektroni zaidi ya 29,000. Kwa msongamano wa trilioni moja kwa mita ya ujazo, elektroni hutikisika mara milioni tisa hivi kwa sekunde. Ioni ya oksijeni katika uga wa sumaku wa maeneo yetu huzunguka mara 30 hivi kwa sekunde. Anayetaka kuona ioni ikimaliza mzunguko mmoja lazima kwanza avumilie mitikisiko laki tatu ya elektroni, na kwa kila mtikisiko kompyuta ifanye hatua kadhaa, kwa kila chembe. Ni sawa na kutaka kujua mwaka wa kahawa, kuanzia maua hadi mavuno, kwa kuandika kila pigo la bawa la kila nyuki shambani.

Wengine walipunguza gharama kwa hila inayotumika hadi leo: waliipa elektroni uzito usio wake, wakajifanya ioni ni nzito mara 25 au mara 100 tu. Majibu yalipatikana. Yalikuwa majibu ya ulimwengu mwingine uliokaribiana na wetu.

*

Njia chotara ilizaliwa katika ufinyu huo. Neno chotara wakulima wanalijua kutoka kwenye mbegu za mahindi, na maana ni ileile: wazazi wawili tofauti, zao moja. Ioni zihesabiwe kama chembe, moja moja. Elektroni zichukuliwe kama mkondo usio na uzito kabisa, unaokimbilia popote ioni zinapokwenda ili chaji chanya na chaji hasi zisawazike.

Hatua hiyo ina ujasiri kuliko inavyoonekana. Kusema elektroni haina uzito ni kusema uongo unaojulikana. Lakini uongo huo unafuta mitikisiko milioni tisa kwa sekunde papo hapo, kwa sababu kitu kisicho na uzito hakitikisiki, kinafuata tu. Kasi ya hesabu sasa inaamuliwa na ioni, na ioni hazina haraka. Uga wa umeme nao, badala ya kutafutwa kwa kuhesabu tofauti ndogo kati ya chaji chanya na hasi, unasomwa moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya nguvu zinazousukuma mkondo wa elektroni.

Hatua za mwanzo zilikuja mapema miaka ya 1960. Auer, Hurwitz na Kilb walichapisha mwaka 1961 hesabu za mawimbi ya mgandamizo katika plazima isiyogongana, ambamo ioni zilifuatwa kama chembe. Mwaka 1969 Dickman, Morse na Nielson walichapisha hesabu za plazima iliyobanwa na sumaku ndani ya silinda. Mwaka 1971 Forslund na Freidberg waligeukia mawimbi ya mshtuko. Mwaka 1978 Byers na wenzake, na mwaka 1982 Harned, waliyaandika yote katika sura ambayo mwanafunzi wa leo angeitambua.

Kusoma orodha hiyo kama maendeleo safi ya akili za watu ni kusahau nani alikuwa analipa. Los Alamos ilikuwa maabara ya mabomu. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime. Taa za barabarani zilizimika Hawaii, kilomita takriban 1,400 kutoka hapo. Elektroni zilizonaswa na uga wa sumaku ziliharibu satelaiti kadhaa, ikiwemo Ariel 1, satelaiti ya kwanza ya Uingereza. Watu wa mabomu walitaka kujua jinsi mabaki ya mlipuko, yaliyogeuka ioni zinazokimbia, yanavyoisukuma plazima nyembamba ambamo hakuna kinachogongana na kingine. Mkondo wa wastani haukutosha kujibu, na chembe zote haziwezekani. Njia chotara ilifaa swali hilo barabara, na kwa miaka mingi milipuko ya juu angani ilibaki kati ya kazi zake. Lazima tuliseme hilo kabla ya kuisifu.

*

Sifa zake zenyewe zilikuja kutoka mbali zaidi, mbele ya Dunia, takriban kilomita 90,000 upande wa Jua.

Jua hutema plazima muda wote, kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Uga wa sumaku wa Dunia unasimama katikati ya upepo huo, na mbele yake hujikusanya wimbi la mshtuko, kama maji yanavyojikusanya kwenye omo ya jahazi linalokwenda kasi. Tuliite wimbi la omo. Katika maji, molekuli hugongana na kupashana habari. Katika upepo wa Jua chembe ni chache kiasi kwamba moja inaweza kusafiri umbali wa kutoka Jua hadi Dunia bila kugonga nyingine. Sasa wimbi hilo linasimamaje? Ni nini kinachouambia upepo upunguze mwendo?

Satelaiti za ISEE, zilizoanza kurushwa mwaka 1977, zilipita katika wimbi hilo na kuleta vipimo vyenye umbo la ajabu: kwanza uga wa sumaku unapanda polepole kama mguu wa kilima, kisha unapanda ghafla, kisha unapitiliza kabla ya kutulia. Mwaka 1981 na 1982 Leroy, Winske na wenzao walichapisha hesabu chotara za wimbi hilo, na umbo likajitokeza lenyewe, mguu na kilele. Sababu yake ilikuwa ioni chache. Nyingi zinapofika kwenye wimbi huvuka. Sehemu ndogo hurudishwa nyuma, zinageuka katika uga wa sumaku, zinapata nguvu zaidi, kisha zinarudi na kuvuka mara ya pili. Zinapogeuka huko mbele ndizo zinazoujenga mguu.

Katika hesabu za mkondo, zenye kasi moja ya wastani kwa kila mahali, ioni hizo hazina pa kukaa. Ukichukua chembe tisa zinazokwenda mbele na moja inayorudi, ukatafuta wastani, unapata kundi linalokwenda mbele polepole kidogo. Aliyerudi amefutwa. Na aliyerudi ndiye aliyelishikilia wimbi.

Hapo ndipo thamani ya njia hii ilipo, nadhani, na ndipo inapovuka mipaka ya fizikia. Haidai kwamba kila kitu kihesabiwe kimoja kimoja, maana hilo haliwezekani, na anayeliahidi anadanganya. Inadai kwamba kabla ya kuchukua wastani ujiulize ni nani hasa watapotea ndani yake, na kama wanaopotea ndio wanaobeba jengo.

Nayo ina wanaopotea wake. Mwaka 2015 Marekani ilirusha satelaiti nne za MMS kuchunguza mahali ambapo njia za sumaku hukatika na kuungana upya. Mwaka uliofuata matokeo yalionyesha kwamba kiini cha tendo hilo kimo katika eneo dogo linalotawaliwa na elektroni zenyewe, moja moja. Programu chotara, iliyozifanya elektroni ukungu, haiwezi kuliona eneo hilo hata ikiendeshwa mwaka mzima. Swali likibadilika, lazima na hesabu ibadilike.

*

Turudi sasa kwenye ikweta ya sumaku, kwa sababu Buneman naye alirudi huko.

Kilomita 105 hivi juu ya mstari huo mchana hupita mkondo mkali wa umeme. Elektroni hukimbia, ioni zimezuiwa na hewa. Kwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, kituo cha kupima sumaku kilianzishwa katika chuo kikuu cha Addis Ababa chini ya Pierre Gouin, padri Mjesuti kutoka Canada, na vipimo vya mkondo huo kutoka Afrika Mashariki vikaanza kuwekwa kwenye kumbukumbu. Peru, upande mwingine wa mstari uleule, rada ya Jicamarca iliona mwangwi ukirudi kutoka ndani ya mkondo, kana kwamba plazima ilikuwa na viwimbi vya mita tatu hivi.

Mwaka 1963 Donald Farley na Oscar Buneman, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwa nini. Elektroni zikipita ioni kwa kasi kuliko sauti ndani ya plazima, takriban mita 360 kwa sekunde katika eneo hilo, viwimbi huzaliwa vyenyewe. Jambo hilo linabeba majina yao wote wawili.

Ukilihesabu kwa mkondo peke yake, unapata upuuzi: kadiri kiwimbi kinavyokuwa kifupi ndivyo kinavyokua haraka, bila kikomo. Kiwimbi cha milimita kingemeza kila kitu. Kwa hakika hakimezi, kwa sababu zipo ioni chache ambazo mwendo wake unalingana na wa kiwimbi. Hizo hunyonya nguvu yake na kukiua kingali kichanga. Kwa mara nyingine, wachache wasiotoshea katika wastani. Katikati ya miaka ya 1990 Meers Oppenheim na wenzake walitumia programu chotara, elektroni zikiwa mkondo na ioni zikiwa chembe, wakaonyesha jinsi viwimbi hivyo vinavyokua hadi kufikia kikomo chao. Ilichukua miaka thelathini na kitu tangu Buneman aandike nadharia hadi njia iliyochanganya kazi yake mwenyewe na ya wapinzani wake ilipoijibu.

Mwambao wetu nao ulikuwa jukwaa, kwa maana halisi ya neno. Italia iliweka majukwaa mawili ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, San Marco na Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka hapo, satelaiti ya kwanza kurushwa kutoka ikweta, ikiwa na redio ya kupimia kiasi cha elektroni katika ionosfia. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka satelaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ya mwisho, San Marco D, ilirushwa tarehe 25 Machi 1988. Vipimo vyake vya uga wa umeme vilionyesha mapovu ya plazima nyembamba yakipanda usiku katika anga ya ikweta, mengine kwa kasi kuliko sauti ndani ya plazima yenyewe. Vipimo vilichambuliwa ng'ambo. Swali la Kenya ilinufaika na nini lilijitokeza tena na tena kila mkataba ulipojadiliwa.

Tangu Mwaka wa Kimataifa wa Heliofizikia wa 2007, vyombo vimeongezeka. Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani kiliweka vipima sumaku katika safu inayopita Addis Ababa, Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na Maputo. Vipokezi vya GPS vipo Malindi, Mbarara, Dodoma na kwingineko, na watafiti wa vyuo vikuu vyetu wameandika kuhusu kupanda na kushuka kwa elektroni juu ya Tanzania, Uganda na Kenya. Tumehama kutoka kuwa mahali pa kurushia hadi kuwa mahali pa kupimia. Hatua ya kuwa mahali pa kuhesabia ndiyo changa zaidi.

*

Kwa nini mtu wa Kitura ajali?

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa, pamoja na bidhaa nyingine kadhaa, iuzwe kwao ikiwa tu inajulikana ilitoka shamba gani, ili kuthibitisha kwamba msitu haukukatwa. Utekelezaji umeahirishwa, lakini sharti lipo. Shamba lisilozidi hekta nne linaweza kuwakilishwa na nukta moja, iliyoandikwa kwa tarakimu sita baada ya desimali. Tarakimu ya sita ya latitudo ni sawa na sentimita 11 ardhini.

Nukta hiyo mara nyingi itachukuliwa kwa simu. Mawimbi ya GPS yanashuka kutoka kilomita 20,200, na yanapopita katika plazima yanachelewa. Siku ambayo Jua lina harakati nyingi, chini ya tuta la Appleton, kucheleweshwa huko kunaweza kulingana na kosa la mita 16 katika umbali hadi satelaiti. Simu ya masafa mamoja hujisahihisha kwa kanuni ya John Klobuchar, Mmarekani aliyeitengeneza ili itoshee katika namba nane tu zinazotangazwa na satelaiti. Usiku wote ni namba moja isiyobadilika. Mchana ni mkunjo mmoja laini wenye kilele saa nane. Kwa wastani wa dunia nzima huondoa nusu hivi ya kosa. Ni kazi ya kifundi ya kuheshimiwa, kwa sababu ilifanya mengi kwa vichache. Lakini haikuundwa iyaone matuta mawili, wala povu linalopita saa mbili usiku. Ni ukungu wa dunia nzima, na sisi tunaishi pale ambapo ukungu una wadudu.

Simu mpya zenye masafa mawili hupunguza sana tatizo hili, kwa sababu kila masafa huchelewa kwa kiasi chake na tofauti husema ukweli. Lakini simu iliyopo mkononi mwa karani wa chama cha msingi si lazima iwe mpya. Hali ni hiyohiyo kwa anayepima mpaka kwa ajili ya hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mita nane mlimani zinaweza kulitoa shamba la mtu na kuliweka msituni, au kwa jirani.

Utabiri mzuri wa plazima ya Ruvuma utahitaji ngazi kadhaa: mkondo kwa ajili ya chemchemi kubwa, chembe kwa ajili ya viwimbi, chotara pale zinapokutana. Programu za aina hii si siri tena. Vlasiator ya Chuo Kikuu cha Helsinki, inayofuata ioni kwa undani na kuzifanya elektroni mkondo, ipo wazi kwa yeyote. Programu chotara ya mwelekeo mmoja, inayotosha kuonyesha ioni zikirudishwa kwenye wimbi la omo, ni mistari mia chache na inaendeshwa kwenye kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Njia iliyobuniwa kwa sababu kompyuta za Los Alamos za 1969 hazikutosha inaweza leo kufanya kazi katika bweni la Dar es Salaam au Mbeya, umeme ukiwepo.

Bado kuna uamuzi ambao programu haiufanyi yenyewe. Anayeandika mstari wa kwanza lazima aseme ni kipi kitakuwa chembe na kipi kitakuwa mkondo, na atalisema hilo kwa kufikiria mahali fulani na swali fulani. Hadi sasa mahali hapo pamekuwa Pasifiki, wimbi la omo, rada ya Peru. Vipimo vya Addis Ababa vya tangu 1958 vipo, vya Dar es Salaam vipo. Mtu anaweza kuanza na saa mbili za usiku mmoja juu ya Mbamba Bay.